Mbwa mkubwa hulelewa katikati ya watu

Kahawa inapoanza kuiva, huku kwetu Kyerwa na kwa wenzetu wa Karagwe habari ya ulinzi hurudi vinywani. Bei imepanda miaka hii ya karibuni, na kahawa iliyoanikwa uani inamfanya mwenye nyumba alale kwa mang'amung'amu. Zamani mbwa mmoja wa kienyeji alitosha. Sasa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Isingiro na Murongo kule mpakani, aliyeuza vizuri msimu uliopita anatafuta mbwa mkubwa: German Shepherd, Rottweiler, au Boerboel wa Afrika Kusini. Huletwa wakiwa wachanga, ndani ya maboksi na matenga, chini ya viti vya mabasi yanayotoka Bukoba na Mwanza, na wengine huvushwa kutoka Uganda bila hata cheti cha chanjo.

Sina ugomvi na mtu anayelinda jasho lake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina kibanja cha migomba na kahawa hapa Nkwenda, na uani kwangu kuna German Shepherd dume anayeitwa Shaba. Ninachopinga ni yale yanayofuata baada ya boksi kufunguliwa.

Katika nyumba nyingi ninazozijua, mtoto wa mbwa anatolewa kwenye boksi na kuingizwa gizani. Anafungiwa kwenye kibanda cha mbao kisicho na dirisha, au kwenye stoo ya majembe, asione mtu yeyote ila yule anayemsukumia bakuli la chakula. Anakaa humo mpaka afikishe miezi sita au saba. Kuna wanaomlisha pilipili, kuna wanaomlisha nyigu, kuna wanaomchanganyia bangi kwenye ugali, na kuna wanaomkata masikio kwa wembe. Ukiuliza, jibu ni lile lile kila kijiji: akizoea watu hatakuwa mkali. Nimelisikia kwa vijana wa bodaboda na nimelisikia kwa wazee ninaowaamkia. Naandika ili kulikataa kwa sauti ya wazi, kwa sababu wanaolipia gharama yake ni watoto wetu.

Mbwa aliyefungiwa tangu utotoni anakua mwoga. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kujifunza dunia ni kitu gani, tangu wiki ya tatu ya uhai wake hadi kama wiki ya kumi na nne. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965: watoto wa mbwa waliokosa kabisa kukutana na watu katika majuma hayo walibaki kuwahofia watu, na kuwazoeza baadaye kulikuwa kazi ngumu mno. Kwa hiyo tunachokifanya stoo ni kukipitisha kipindi hicho mlango ukiwa umefungwa. Baada ya hapo mtoto anayepita na dumu la maji, bibi mwenye mkongojo, kijana mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wote ni maadui kwa mbwa huyo, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba wapo.

Na hasara ya kwanza ni ya ulinzi wenyewe. Mbwa mwoga hubweka usiku kucha. Hubwekea upepo kwenye majani ya migomba, hubwekea popo, hubwekea pikipiki iliyoko kilima cha pili. Wiki ya kwanza mwenye nyumba hutoka na tochi. Wiki ya pili anachungulia dirishani. Mwezi ukiisha hanyanyuki tena, na usiku ambao mwizi anakuja kweli, kelele ni zile zile. Mbwa anayefaa ni yule anayejua nyumba yake inavyosikika kila siku, nani huja na kwa saa ngapi, ili akibweka saa nane usiku kila mtu ajue kuna jambo. Ujuzi huo haupatikani ndani ya stoo. Unapatikana kwa kuishi uani, katikati ya kelele za nyumba, tangu utotoni.

Hasara ya pili ni meno. Mbwa wa namna hii akikata mnyororo hamtafuti mwizi. Humkamata aliye karibu, naye mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo au wa jirani. German Shepherd dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume hufikia 50 na zaidi, na Boerboel hupita hapo. Mtoto wa darasa la pili hana hata kilo 25.

Mbwa hawa tunaowafungia hawakuzalishwa kwa ajili ya chuki. German Shepherd ni mbwa wa wachungaji wa kondoo. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua dume aliyempa jina la Horand von Grafrath, akamfanya baba wa kabila zima, akitaka mbwa mwenye akili, anayesikiliza sauti na kufanya kazi kutwa nzima bila kumdhuru mnyama anayemlinda. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe. Sisi tunaokaa katika nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu tunajua mchungaji ni mtu gani: anamjua kila ng'ombe, hapigi ovyo, na hatishwi na kivuli. Mbwa wa mchungaji ni vivyo hivyo. Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi hakifanyi kazi na mbwa asiyeweza kupita katikati ya umati bila kutetemeka.

Wala hatuhitaji kwenda Ujerumani kujifunza. Babu yangu mzaa mama aliwinda kwenye nyika za Ibanda kabla eneo hilo halijahifadhiwa, na mbwa wake, wafupi, wembamba, wenye njuga shingoni, walilala jikoni karibu na jivu lenye joto pamoja na sisi wajukuu. Tuliwalisha kwa mikono. Mtoto yeyote aliweza kumtoa kupe mbwa wa babu. Lakini mgeni hakufika kwenye kiambaza bila sisi kujua, na nguruwe pori aliyeingia kwenye mihogo hakutoka salama. Sijui ni lini tuliacha elimu hii na kuanza kuamini stoo, lakini ilikuwa yetu.

Sasa niseme Shaba alivyolelewa, kwa sababu wengi wananiuliza barabarani, nami nataka jibu langu lisomwe na wengi kwa pamoja.

Nilimchukua akiwa na majuma manane. Chini ya hapo mtoto wa mbwa bado anafundishwa na mama yake na ndugu zake kiasi gani cha kung'ata kinaumiza. Anayemwondoa kwa majuma manne au matano anaondoka na mbwa ambaye hajafundishwa somo hilo. Kuna wauzaji wanaokushawishi umchukue mapema ili akuzoee wewe. Usikubali. Mwombe muuzaji umwone mama yake. Mama akiwa anajificha nyuma ya ukuta au anarukia kila mtu, rudi nyumbani na fedha yako. Na omba kitambaa alicholalia mama. Mimi nilikiweka ndani ya tenga, na safari ya kutoka Bukoba hadi Omurushaka, na nyingine ya kufika Nkwenda, ilipita kwa utulivu kuliko nilivyotarajia.

Usiku wa kwanza ndio unaoamua mengi. Nchi yetu hii ni ya milima, na usiku wa mvua za vuli ni baridi kali kwa kiumbe aliyetoka kulala juu ya tumbo la mama yake. Desturi inasema mwache alie, atanyamaza. Atanyamaza kweli, ila kwa kukata tamaa, akiwa amejua kwamba nyumba hii haimsikii. Mama mkwe wangu, ambaye ninaishi naye na ambaye neno lake ndilo sheria ya nyumba, alisema, "Mwanangu, mbwa halali ndani." Nilimheshimu. Tulipatana kwamba alale chumba cha uani, anakolala mpwa wangu anayesoma sekondari, ndani ya tenga lililolazwa ubavu, juu ya gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba na kile kitambaa. Alipolia, kijana alishusha mkono na kumgusa. Hakumtoa, hakumpa chakula, hakumfokea. Zilipita siku chache tu mtoto akawa analala hadi alfajiri.

Haja ndogo na kubwa hazihitaji kiboko wala kumsugua mbwa pua kwenye uchafu wake. Akiamka, anatolewa. Akimaliza kula, anatolewa. Akimaliza kucheza, anatolewa. Mahali ni pale pale, kwetu ni nyuma ya shina la mgomba lililokatwa, na akimaliza anasifiwa kwa sauti na kupewa kipande cha dagaa. Anayesubiri mpaka aone uchafu ndipo apige, anamfundisha mbwa kujificha wakati wa kujisaidia, basi.

Dagaa ndiyo chaki yangu ya kufundishia. Dagaa mkavu wa Ziwa Victoria, aliyeoshwa mchanga, anakaa mfukoni, ni mdogo, na mbwa anamtaka kuliko chochote. Masomo ni ya dakika tano, asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Kuitwa na kuja. Kukaa. Kuacha alichokishika. Kungoja bakuli likishushwa chini mpaka aambiwe ale. Tulikubaliana nyumba nzima kutumia maneno yale yale, maana mama mkwe wangu alikuwa anamwita kwa Kinyambo, "Ija!", na watoto kwa Kiswahili, naye alisimama katikati akitazama huku na huku. Tukachukua la mama mkwe. Miaka yangu darasani inaniambia kitu hicho hicho: mwanafunzi anayepewa amri tatu tofauti kwa jambo moja hana kosa akikosea.

Somo la kutokula chochote kisichotoka kwenye bakuli lake nalitilia mkazo, kwa sababu mwizi wa huku huja na nyama yenye sumu. Na kuna sumu nyingine iliyo uani kwetu bila mtu kuifikiria. Kahawa ni hatari kwa mbwa. Kafeini inayotuchangamsha sisi inaweza kumshtua moyo na kumuua, na mtoto wa mbwa mwenye njaa ya kutafuna hupenda zile buni nyekundu tamu zilizoanikwa. Watoto wasimrushie kahawa ya kutafuna tunayowakaribishia wageni. Rubisi nayo asionjeshwe, hata kwa mzaha wa vijana wa kilabuni. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Atupiwe kipande cha ngozi ya ng'ombe au kamba nene iliyofungwa fundo, ang'ate hiyo badala ya viatu.

Jambo nililolipa muda mwingi kuliko yote ni kumwonyesha dunia. Kabla chanjo hazijakamilika sikumshusha chini barabarani wala gulioni, kwa kuwa ugonjwa wa parvo huishi kwenye udongo kwa miezi mingi, na watoto wa mbwa wanaougua bila matibabu wengi wao hufa. Lakini nilimbeba. Nilikaa naye kwenye benchi la duka, ndani ya tenga, akatazama bodaboda zikipita, wanafunzi wakitoka shule kwa makelele, kina mama na miavuli, lori la ndizi likipakiwa. Alimwona ng'ombe wa jirani na pembe zake kwa usalama, kutoka mikononi mwangu. Aliisikia ngoma ya kwaya kutoka mbali, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi. Alipoonyesha wasiwasi tulirudi nyuma hatua kadhaa, tukangoja, akapewa dagaa. Kuku na mbuzi alizoeshwa akiwa amefungwa kamba, akisifiwa kila alipowatazama na kuwaacha.

Jirani yangu wa upande wa chini ni Mwislamu, mzee ninayemheshimu sana, na njia yake ya kwenda msikitini inakatiza mbele ya kibanja changu. Shaba alipoletwa alisimama akaniambia, "Mwalimu, ulinzi ni haki yako. Ila huyu asinirukie nikiwa na kanzu ya swala." Ni ombi dogo na ni ombi la haki. Mbwa mdogo anayerukia watu anaonekana mzuri, na kila mtoto hucheka. Mbwa huyo huyo akiwa na kilo 35 anamwangusha bibi kizee na kumtilia jirani najisi kwenye kanzu yake ya swala. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo, nyumbani kwetu mbwa anayeruka hasalimiwi. Mtu anageuka pembeni, ananyamaza. Miguu yote minne ikiwa chini ndipo anapata mkono na sauti. Leo mzee anapita Ijumaa, Shaba anamtazama akiwa amekaa.

Vibanja vyetu havina uzio. Nyumba iko katikati ya migomba, na mpaka ni mmea au jiwe ambalo wenyewe tu tunalijua. Ndiyo maana watu hukimbilia mnyororo mfupi. Mnyororo wa mita moja uliofungwa shinani kutwa nzima unamfanya mbwa awe mchokozi, tena unamkata shingo. Badala yake tulinyoosha waya kati ya nguzo mbili, tukapitisha kamba ndefu inayoteleza juu yake, naye anapata nafasi ya kutembea akiwa peke yake. Tukiwepo, yuko huru. Na kila jioni mtu mmoja huzunguka naye mpaka wa kibanja, njia ile ile, bila haraka. Mbwa hujifunza mpaka kwa miguu, na kwa pua.

Kuhusu mwili wake niseme machache, kwa kuwa hapa ndipo ukubwa unapowadanganya watu. Mtoto wa mbwa wa aina hizi akiwa na miezi sita anakaribia kimo cha mbwa mzima, lakini mifupa yake inaendelea kukua mpaka mwaka na nusu, na kwa wakubwa zaidi hata miaka miwili. Nimeona vijana wakimkimbiza mbwa wa miezi mitano kwa kamba iliyofungwa kwenye pikipiki, kupandisha mlima, eti anaandaliwa. Wanamwandalia ulemavu wa nyonga, ambao German Shepherd na Rottweiler tayari wanao katika damu. Wengine humpa unga wa mifupa ulioletwa kwa ajili ya kuku, ili awe mkubwa upesi. Mwili wa mtoto wa mbwa mkubwa hauwezi kuikataa vizuri kalsiamu inayozidi. Unaipokea kupita kiasi, na mifupa inaweza kupinda. Shaba alikula mara nne kwa siku mpaka miezi minne, kisha mara tatu, sasa mara mbili: ugali wa dona, dagaa, maharage yaliyopondwa, yai, na utumbo au pafu la ng'ombe lililochemshwa sana. Mbichi kutoka machinjioni asipewe, kwa sababu ya tegu wanaomrudia binadamu. Mbavu zake zigusike ukipapasa. Mtoto wa mbwa mnene si sifa.

Na sasa chanjo. Hapa naomba anisome hata asiyependa mbwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mtu hufa. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asipitie kwa mganga kwanza. Lakini mlango halisi wa kuuzuia ugonjwa huu ni mbwa mwenyewe. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na idadi hiyo isiachwe kushuka, maambukizi hukatika. Hii imeonekana hapa hapa Tanzania: Pemba iliuondoa ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, chanjo ilipolegea ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukaondoka tena.

Mtoto wa mbwa huanza chanjo za parvo na distempa akiwa na wiki sita hadi nane, zikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili akiwa mchanga. Ukinunua chanjo dukani, uliza ilihifadhiwa wapi na umeme ulikatika kwa muda gani, maana chanjo iliyopata joto ni maji tu. Na dawa ya josho ya ng'ombe isimwagiwe mtoto wa mbwa kwa kukisia kipimo. Muulize afisa mifugo wa kata. Ndiyo kazi yake, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Kwa sababu hizo zote, nawaambia wengi wanaoniuliza: usinunue. Kama nyumbani hakuna mtu wa kukaa na mtoto wa mbwa mchana katika miezi ile ya kwanza, kama chakula chake kitatoka kwenye sahani ya watoto, kama daktari wa mifugo yuko mbali na hakuna nauli, mbwa mkubwa atateseka na ninyi mtateseka naye. Mbwa wa kienyeji amezaliwa hapa, anakula kidogo, anastahimili zaidi, na masikio yake yanasikia sawa na ya German Shepherd. Akilelewa uani kwa upole, akachanjwa, atalinda kahawa yako. Sioni aibu yoyote kwa mtu mwenye kibanja kizuri kuwa na mbwa wa namna hiyo, na natamani vijana wetu wasione.

Kwa halmashauri zetu mbili, ya Karagwe na ya Kyerwa iliyozaliwa kutoka humo mwaka 2012, ombi langu ni la vitendo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Itumike kwa muuzaji anayeuza mtoto wa mbwa wa majuma manne, na kwa anayemfungia mnyama gizani miezi sita. Asiuzwe mtoto wa mbwa bila kadi ya chanjo, na pale Murongo kadi iangaliwe kama inavyoangaliwa ya ng'ombe. Siku ya kuchanja mbwa ipangwe pamoja na siku za mnada na siku ambazo vyama vya msingi vinalipa wakulima wa kahawa, kwa kuwa siku hizo watu wapo na fedha ipo. Na redio ya jamii ya FADECO, inayosikilizwa na wakulima wa Karagwe, inaweza kulitangaza hili katika lugha ambayo mama mkwe wangu anaielewa.

Najua atakayesoma hapa tayari ana mbwa wa miezi sita stoo. Usimfungulie ghafla, na usimpeleke mtoto kumshika. Fungua mlango wakati nyumba imetulia, uwe wewe unayemlisha, ukae mbali kidogo, ubavu ukimwelekea, bila kumkazia macho, umrushie dagaa mmoja mmoja. Siku nyingine sogea hatua. Akishakujia mwenyewe, mvike mkanda wa shingoni na kamba, mtoe mchana kwa muda mfupi, watu wengine wakiwa mbali. Mwite afisa mifugo amchanje kabla ya jambo jingine lolote. Itachukua miezi, na huenda asiwe kamwe mbwa wa kuachwa na watoto. Huyo ajengewe uwanja wake wenye uzio, kivuli na maji, na watoto waelezwe wazi kwamba mle hawaingii.